Kitambaa cha Njano Langoni kwa Bibi Shigeno

Saluni yangu ina viti viwili vya kutengenezea nywele na makochi matatu, na makochi ndiyo yanayojaa. Watu wa Nabeura, mtaa wetu wa pwani, huja kwangu hata nywele zao zikiwa safi. Mtu akipitisha wiki bila kuonekana, tunajua ama anaumwa ama kapata mpenzi, na kwa umri wetu hilo la pili ndilo linalotushughulisha zaidi.

Kwa hiyo Bibi Shigeno alipoacha kuja, mtaa mzima ulijua kabla sijasema neno. Miaka thelathini na moja amekuja kila Jumatano ya pili ya mwezi, saa nne kasorobo, akiwa na machungwa au figili mkononi, kwa sababu haingii nyumba ya mtu mikono mitupu. Sasa Jumatano sita zilikuwa zimepita. Watu waliniuliza sababu, nami nikasema nyonga yake inamsumbua. Sababu nilikuwa naijua. Sababu ilikuwa mimi.

Ilianza na zoezi la kukimbia tsunami la majira ya machipuko. Mtaa wetu uko chini kabisa, mgongo kwenye kilima na uso baharini, na wataalamu wametuambia kwamba lile tetemeko kubwa tunalolingoja likija, maji yatatufikia kwa dakika kumi na nane. Wengine wakikutana huulizana umri. Sisi huulizana dakika. Ngazi za kwenda hekaluni kilimani ni mia moja arobaini na mbili. Mimi napanda kwa dakika nane, Mitsuyo jirani yangu dakika tisa, kumi akiwa amekunywa. Bibi Shigeno ana miaka themanini na nne na nyonga moja iliyokufa. Yeye hana dakika.

Kamati ya mtaa ikaamua kwamba mimi na Kiwamu, dalali wa mnada wa samaki, ndio tutakaomshughulikia. Siku ya zoezi Kiwamu akampakia kwenye mkokoteni wake wa masanduku ya samaki, tukausukuma kwa barabara ya nyuma inayozunguka kilima. Dakika ishirini na tatu. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Tadaoki, alikuwa amesimama juu na saa yake mkononi.

"Kwa hesabu ya saa," akasema, "Bibi Shigeno, Kiwamu na Kikue, nyote mmeshakufa. Karibuni chai."

Watu walicheka. Bibi Shigeno naye alicheka, kiganja mdomoni.

Ingeishia hapo. Lakini mimi nikipata kichekesho siwezi kukiacha kilale. Wiki nzima saluni nilikuwa nakaa kwenye kiti cha magurudumu, taulo kichwani, wateja wananisukuma, nami ninawapungia mkono wanunuzi: jodari mzee anakwenda mnadani, nani atataja bei? Watu walilia kwa kucheka. Kisha Mitsuyo akaandaa karamu nyumbani kwake. Na huku mkoani kwetu Tosa karamu ni karamu: masinia makubwa ya jodari aliyebabuliwa kwa moto wa majani ya mpunga, pombe ya mchele haikauki, na hata mpita njia anavutwa ndani. Nikasimama juu ya mto wa kukalia, kikombe mkononi, nikaigiza yote upya, na nikaongeza. Nikasema jodari ananuka kidogo. Nikasema hata paka hawamtaki.

Kesho yake Mitsuyo alikuta mfuko wa machungwa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni. Alinipigia simu.

"Dada Kikue, alikuwa pale nyuma. Alisikia."

"Labda aliyaweka mapema."

"Labda," akasema Mitsuyo, na sote wawili tulijua kwamba hakuna labda.

Nilimpelekea Bibi chombo cha achari. Kilirudi baada ya siku mbili, kimeoshwa, kimekaushwa, kitupu. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Ukikosa kabisa utatia hata kiberiti. Nilikishika kile chombo, nikahisi kama nimepigwa kofi. Nikasema nitakwenda kumwomba radhi. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja nyingine, hadi Novemba.

Jumatano hiyo ya Novemba, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, nilikuwa nimempaka Mitsuyo dawa ya rangi nusu ya kichwa. Simu zetu zikapiga kelele kwa pamoja, ule mlio ambao tumbo linauelewa kabla ya sikio. Halafu sakafu ikaondoka.

Tuliingia chini ya kaunta, magoti yangu mdomoni mwake. Chupa zilianguka moja moja, kisha zote. Mitsuyo alinishika mkono akawa anasema, kama anayembembeleza mtoto, "Si lenyewe. Si lenyewe hili. Lenyewe ni refu, hili litaisha sasa hivi." Halikuisha. Kioo kikubwa kikapasuka. "Si lenyewe," akasema tena, sauti imepungua. Nilihesabu hadi sabini, nikapotelewa na hesabu, nikaanza upya.

Liliponyamaza, vipaza sauti vya mtaa vikaanza. Tahadhari ya tsunami. Wimbi la kwanza saa nne na dakika arobaini. Kimo mita tatu au zaidi. Tokeni sasa. Tokeni sasa.

"Nywele zangu," akasema Mitsuyo.

"Utakufa na rangi mbili. Twende."

Nilitoka na glavu za dawa mikononi. Hapa niseme habari ya kitambaa, kwa sababu ndicho kilichotaka kuua. Kila nyumba ya mtaa wetu imepewa kitambaa cha njano. Tetemeko likipita na watu wote wa nyumba wako salama na wanaondoka, unakifunga langoni. Anayekuja nyuma akikiona anapita. Asipokiona anaingia kutafuta. Kanuni nzuri, inaokoa dakika, na kwetu dakika ndiyo roho.

Nyumba ya Bibi Shigeno iko hatua mia mbili kabla ya ngazi. Nilikuwa nakwenda kumchukua, nakuapia, miguu ilikuwa imeshakata kona. Nikakiona kitambaa. Kimefungwa vizuri langoni, fundo la kipepeo, kinapepea. Nikasema moyoni, ametoka, kuna mtu amemchukua. Na pamoja na nafuu hiyo nilisikia nafuu ya pili, ndogo, ya aibu: sitalazimika kumtazama usoni. Nikapita.

Ngazi nilizipanda sijui vipi. Kule juu, uwanjani kwa hekalu, watu walikuwa wamekaa kwenye majani wakipumua kama samaki waliotolewa majini, na Mzee Tadaoki alikuwa amevaa kofia yake ya chuma ya kamati, anasoma orodha. Kila jina liliitikiwa. Nilikuwa ninamfuta Mitsuyo dawa iliyomtiririkia shingoni Mzee aliposoma, "Bibi Shigeno."

Kalamu yake ilingoja juu ya karatasi.

"Bibi Shigeno?"

"Kitambaa kiko nje," Kiwamu akasema. "Nimekuja na mkokoteni hadi langoni, nikakiona, nikauacha mkokoteni palepale nikakimbia."

"Hata mimi nimekiona," nikasema.

"Basi yuko salama," akasema Mzee Tadaoki na kalamu yake ikashuka kwenye karatasi. "Atakuwa zahanati. Si leo siku ya mazoezi ya nyonga?"

"Mazoezi ni Ijumaa," akasema Mitsuyo.

"Basi kapanda kwa njia ya nyuma."

"Kwa mabawa?" Kiwamu akauliza. "Njia ya nyuma imeporomoka. Nimeliona vumbi lake."

Nikaacha kumfuta Mitsuyo. Kuna kitu nilikuwa nimekiona pale langoni na sikuwa nimekitazama. Nyuma ya kitambaa, kando ya mlango wa ndani, kilikuwa kimesimama kigari chake cha kutembelea, kile cha magurudumu manne na kikapu. Bibi Shigeno haendi msalani bila kile kigari. Na sisi tulikuwa tumetoka dakika tatu baada ya tetemeko. Yeye dakika tatu zinamfikisha langoni, hazimfikishi popote zaidi.

"Yumo ndani," nikasema. "Kakifunga mwenyewe, akarudi ndani."

"Kwa nini mtu afanye hivyo?" akauliza Mzee Tadaoki.

Mitsuyo alinitazama. Nusu ya kichwa chake ilikuwa nyeusi, nusu ya kijivu, na macho yake yalikuwa yanasema usiseme.

"Ili tusimfuate," nikasema. "Ili asiwe mzigo wa mtu. Nilimfanya jodari mbele ya watu na yeye alikuwa mlangoni anasikia. Mimi nimemfunga mle ndani, Mzee, si nyonga."

Saa ya hekalu ilionyesha saa nne na dakika ishirini na tano. Kiwamu alisimama. Mzee Tadaoki akaruka akamkamata kola ya shati.

"Hakuna anayeshuka. Ndiyo kanuni. Akifa mmoja, tuzike mmoja, tusizike watatu."

"Niache, Mzee."

"Sikuachi. Mama yako amekaa pale anakutazama."

Alimshika Kiwamu kwa sababu alidhani ndiye atakayeshuka. Hakuna aliyemdhania msusi mnene wa miaka hamsini na tisa. Nilipokuwa ngazi ya kumi ndipo nilipomsikia Mitsuyo akiita jina langu, bila dada, jina tupu.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, maana ukishuka unaiona bahari. Ilikuwa imetulia. Hiyo ndiyo iliyonitia baridi. Bandarini mashua zilikuwa zimelala kidogo ubavu, kama maji yamepungua chini yao, na mbwa wa mtu alikuwa anakimbia peke yake barabarani, bila kubweka.

Nikalivuta lango. Kitambaa kikanipiga usoni. Mlango wa ndani haukuwa umefungwa kwa ufunguo, nikaingia moja kwa moja, nikavuka mikeka.

Bibi Shigeno alikuwa amekaa mbele ya picha ya marehemu mumewe, miguu kando kwa sababu ya nyonga, amevaa kimono chake kizuri cha kijivu. Vyombo vya kabati vilikuwa vimevunjika sakafuni, lakini pale alipokaa pamefagiliwa. Alinitazama miguuni.

"Umeingia na viatu," akasema.

Na mimi, maji yanakuja, nikainua mguu mmoja kuvua kiatu. Nikajishtukia.

"Bibi, maji."

"Nimesikia. Masikio yangu ni mazima. Hilo unalijua."

"Njoo nikubebe."

"Kitambaa kiko nje. Hujui maana yake?"

"Maana yake ni uongo."

"Maana yake ni pita," akasema. "Kikue, sikiliza. Ile alfajiri ya Desemba, nikiwa na miaka sita, maji yalipokuja, bibi yangu alikaa hivi hivi. Alimwambia mama, chukua watoto. Hakuna aliyerudi kumfuata. Ndiyo maana mimi nilizeeka. Sasa na wewe nenda."

"Bibi yako hakukaa kwa sababu ya kichekesho cha mtu."

Aligeuza uso kwenye picha. Nje vipaza sauti vilisema zimebaki dakika kumi.

"Nilisema vibaya," nikasema. "Nilisema na nikaongeza. Ningekuja mapema kukuomba radhi, nikaogopa. Mdomo wangu wote huu, nikaogopa mlango wako. Nikuombe radhi hapa sasa, au nikakuombe huko juu?"

"Unataka unibebe ili ulale usingizi mzuri."

"Ndiyo."

"Na kesho saluni mtacheka nini?"

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imesimama na tetemeko, kwa hiyo hata hilo sikuweza kujua. Nikajua kwamba kumvuta kwa nguvu sitaweza, nitamvunja. Nikakaa. Nikakaa kitako kwenye mkeka kando yake, na viatu vyangu, nikamwelekea mumewe pichani.

"Unafanya nini?"

"Nangoja na wewe."

"Acha upuuzi. Una wajukuu."

"Ninao wanne."

"Kikue, inuka."

"Kiwamu naye anashuka muda si mrefu, Mzee Tadaoki hawezi kumshika milele. Halafu mama yake atamfuata, unamjua yule mama. Tutajaa humu, Bibi. Utatuandalia chai."

Alinitazama kama anayetazama tope kwenye mkeka. Maisha yake yote alikuwa anaishi ili asimsumbue mtu, na mimi nilikuwa nimekaa sebuleni kwake nikikataa kutosumbuka.

"Shetani mkubwa wewe," akasema. "Fungua droo ya chini. Kuna mkanda wa kimono."

Nilimfunga mgongoni kwa ule mkanda mpana kama mtoto kwenye mbeleko, mara mbili kiunoni na mara moja begani. Hakuwa mzito. Kilo thelathini na nane, labda. Lakini kilo thelathini na nane za mtu aliye hai si kilo za gunia. Zinapumua sikioni kwako.

Barabarani nilisikia sauti kutoka bandarini, kama mtu anayeburuta kabati kubwa sana sakafuni, kabati lisilofika mwisho. Sikugeuka. Bibi Shigeno aligeuka.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Kimbia," akasema.

Ngazi ya kwanza, ya kumi, ya ishirini. Miguu iliniwaka moto. Ngazi ya thelathini na moja ndipo penye jiwe lenye alama ya maji ya miaka ile ya utoto wake, na kwa watu wetu ukilipita jiwe unapumua. Sikupumua, kwa sababu ile sauti ya kabati ilikuwa sasa iko mtaani, na ndani yake kulikuwa na sauti nyingine, mbao na vioo na honi ya gari iliyokwama. Nilihisi joto mgongoni. Kwanza nikadhani ni jasho. Lilishuka hadi kiunoni, likaingia kwenye suruali, na Bibi Shigeno akakandamiza uso wake kwenye shingo yangu, hata pumzi akaizuia.

Nilikaza mkanda begani. Nilipanda.

Ngazi ya hamsini Kiwamu alitukuta. Kola ya shati lake ilikuwa imechanika yote, ndiyo iliyobaki mkononi mwa Mzee Tadaoki. Akanikamata mikono miwili, akatuvuta kama wavu uliojaa, ngazi kwa ngazi, yeye akirudi kinyumenyume, macho yake yakitazama juu ya bega langu. Kwa kutazama macho yake nilijua maji yamefika wapi. Macho yalipoanza kutulia, nikajua maji yamesimama.

Juu walitufungulia njia. Watu wote wa Nabeura walikuwa wamesimama, na hakuna aliyesema kitu, nami najua ule ukimya wao, ni ukimya wa watu wanaokusanya habari. Nikapiga magoti, Mitsuyo akafungua mkanda, wakamkalisha Bibi kwenye blanketi. Alijikunyata ndani ya kimono chake cha kijivu, mikono amebana mapajani, akitazama chini. Suruali yangu ilikuwa imelowa kuanzia kiunoni hadi magotini, na harufu haifichiki.

Mzee Tadaoki aliona. Mama yake Kiwamu aliona. Mmoja akavuta pua.

"Kikue," akaanza Mzee Tadaoki, kwa upole, "umelowa..."

"Nimejikojolea," nikasema, kwa sauti ya saluni, ili wa nyuma wasipitwe. "Nini, mlitaka nisijikojolee? Nimesikia ile sauti bandarini, nikaachia yote. Nimemlowesha na Bibi wa watu, kimono chake cha hariri. Mwombeni radhi kwa niaba yangu, mimi naona aibu."

Aliyeanza kucheka ni Kiwamu, akafuatia mama yake, kisha wote, kicheko cha watu wanaotetemeka, kirefu kuliko kilivyostahili. Mtu alisema tangu utotoni Kikue ana kibofu kidogo. Mwingine akasema dalali ampigie bei. Wacha waseme. Mitsuyo peke yake hakucheka. Alivua jaketi lake akanifunga kiunoni.

Nilikaa kwenye ukingo wa blanketi. Bibi Shigeno hakunitazama.

"Sijakusamehe," akasema kwa sauti ndogo, nisikie mimi tu.

"Najua, Bibi."

"Una baridi?"

"Kidogo."

Akanyanyua upande wa blanketi. Nikaingia. Kule chini mtaa wetu ulikuwa umegeuka kijivu na unasogea, na paa la saluni sikuliona, nikaacha kulitafuta. Kipaza sauti kimoja kilichobaki kilisema wimbi la pili linaweza kuwa kubwa zaidi, msiteremke, saa tano na dakika tano. Mkono wa Bibi ulikuwa umeshika mshono wa lile jaketi la Mitsuyo chini ya blanketi, umeubana sana. Tukakaa hivyo, tukitazama bahari ikirudi nyuma.